Taa ya Ubavuni

Kupi amepita na mashine yake ya kukatia,
siku mbili, mtaa mzima wa Langoni ukikohoa,
akaniachia ukuta wa Bi Mwanatumu
umechanwa kutoka sakafuni hadi kwenye boriti,
paipu za kijivu zimelala ndani kama mishipa
ya mkono wa mtu aliyekonda.
"Yangu yamekwisha," akasema, akijipukuta nywele.
"Iliyobaki ni kupaka tu."

Kupaka tu.

Mimi Athman Bunu, niliyekulia vumbi puani,
niliimeza hiyo "tu" pamoja na mate,
nikaliinamia jeraha nikalisoma.
Chini ya rangi ya maziwa, samawati;
chini ya samawati, niru ya kale, nyororo kama jino;
kisha tumbawe lenyewe na vitundu vyake.
Na karibu na kidaka cha tatu
kipande cha sahani chenye ua jekundu,
ambacho fundi mmoja, sijui nani,
alikisukuma pale kuziba pengo, akafunika, akaenda kula.
Nimekirudisha palepale. Kina kazi.

Mwanawe alipiga simu kutoka Jeddah:
harusi ni Alhamisi ya mwisho wa mwezi,
tieni saruji, ikauke upesi.
Nikamwambia, bwana, saruji haipumui.
Ukuta huu unakunywa maji ya ardhini tangu babu wa babu;
ukiuziba mdomo utatoa jasho ubavuni,
chumvi itachanua,
na baada ya masika mbili
kiraka chako kitakudondokea kwenye pilau.
Akanyamaza. Dakika za ng'ambo zina bei.
"Haya, fanyeni."

Basi chokaa ya Famau, iliyolowekwa tangu Rajabu,
mchanga wa bara, si wa ufuo,
na maji, maji, maji:
ukuta mkavu ni mchoyo,
utanyonya rojo lote na kukurudishia nyufa.
Nikaunywesha kwa brashi ya usumba
mpaka ukaacha kufyonza.
Tabaka la kwanza nikalikwaruza kwa msumari,
la pili lipate pa kushika.
Nikatundika gunia bichi. Nikangoja.
Kila asubuhi Bi Mwanatumu alipita na buli:
"Bado?"
"Bado."
Viti vya kukodi vikaja. Masufuria yakaja.
"Bado?"
Nikakisugua kiraka kwa mgongo wa mwiko,
duara juu ya duara, hadi bega likaniita jina.

Jumatano mchana nilimwita Kupi, nikamfumba macho kwa kilemba changu.
Papasa, nionyeshe ulipokata.
Akapapasa. Akakosea kwa dhiraa nzima.
Nilicheka, sifichi.
Kazi yangu ndiyo hiyo: kuulizwa umefanya nini,
na kusiwe na cha kuonyesha.

Jioni akafunga taa,
ile ya shaba, pembeni mwa vidaka, ikitazama juu.
Akabonyeza swichi.

Mwanga haukuumulika ukuta, uliulamba.
Ulitambaa ubavuni, na kila kijibonde kikapata kivuli,
na mshono wangu ukasimama wima,
kutoka sakafuni hadi kwenye boriti,
wazi kama kovu la tumbo kwa daktari.
Kupi akakohoa kwa adabu.
Nilikwisha kuuchukua mwiko.

"Iate, fundi," akasema Bi Mwanatumu,
mikono ina unga, miwani ina unga.
"Sasa naiona ndia ya umeme.
Siku nikitaka kutundika saa ya marehemu
nitawasha taa kwanda,
nione pa kutopiga msumari."

Akanilipa zote, hakupunguza shilingi.
Wageni walikuja, wakala, wakaegemea.
Hakuna aliyeniuliza.

Lakini usiku ule, kitandani,
kidole gumba changu kilikuwa bado kinapita
juu ya shuka, polepole,
kinautafuta.